Kompyuta ya mezani imechoka? Jinsi ya kuiwekea diski ya SSD bila kupoteza nyaraka zilizomo

Katika kambi na makazi mengi ya wakimbizi ya ukanda huu, kompyuta moja ya mezani hubeba kazi za watu wengi. Iko kwenye duka la kuchapa na kuskani, kwenye darasa la kompyuta la vijana, kwenye ofisi ya shule, au kwa katibu wa chama cha akiba na mikopo. Nyingi ni za mtumba, kwa mfano Dell OptiPlex au HP Compaq, zilizofanya kazi maofisini kwa miaka kabla ya kufika sokoni kwetu. Baada ya muda huanza kuchoka. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, unakwenda kununua chai, unarudi na bado haijawa tayari. Mteja aliyekuja kuskani cheti cha mtoto wake anasubiri, foleni inarefuka, na mwenye duka anaanza kuhesabu pesa za kununua kompyuta nyingine.

Kabla hujanunua nyingine, fahamu kwamba mara nyingi kinachochelewesha kompyuta ya aina hii ni kifaa kimoja tu ndani yake: diski. Ukiitoa na kuweka diski ya aina ya SSD, kompyuta ileile inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja. Bei ya SSD ndogo ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine, na kwa fundi mzoefu kazi yenyewe ya kuifunga haichukui hata saa moja.

Hata hivyo, diski hiyo ndiyo inayotunza kila kitu: nakala za vitambulisho, barua za ofisi, vyeti vya shule, picha za familia ambazo huenda hazipo mahali pengine popote. Ikishughulikiwa vibaya, nyaraka hupotea. Ikiuzwa ovyo, nyaraka za watu huangukia mikononi mwa asiyehusika. Ndiyo maana makala hii inazungumzia nyaraka sawa na inavyozungumzia kasi.

Kwa nini diski ya zamani ni nzito

Ndani ya diski ya kawaida kuna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huko ukitafuta mahali faili ilipo. Kila safari ya mkono huo huchukua takriban sehemu kumi za elfu za sekunde. Unaweza kuona ni muda mdogo mno, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na safari hizo zikijumlishwa ndipo chai inapopoa.

SSD haina kisahani wala mkono. Hutunza data kwenye vipande vya kielektroniki, kama flashi au kadi ya simu, ila imetengenezwa kwa kazi nzito zaidi. Hufika kwenye faili kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya elfu moja ya sekunde. Kwa kusoma faili kubwa, diski ya zamani hutoa kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya kompyuta ya mezani hufika karibu MB 500. Tofauti utakayoihisi zaidi, lakini, ni kwenye vile vipande vidogo.

Kuna faida nyingine kwa mazingira yetu. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka ndani, SSD haiharibiki kirahisi kwa mtikisiko, kama pale kompyuta inapobebwa kwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Pia hutumia umeme kidogo kuliko diski ya zamani, ingawa kama unategemea sola usitarajie makubwa. Unaokoa wati chache tu. Skrini na kichakataji ndivyo vinavyokula betri.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni diski

Kama kompyuta inatumia Windows 10, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka likionyesha kazi zinazoendelea. Ukiliona dogo, bonyeza chini yake palipoandikwa More details. Angalia safu zilizoandikwa Memory na Disk. Ikiwa Disk inabaki karibu na asilimia 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, hata kama hujafungua kitu, SSD itakusaidia sana. Ikiwa Memory ndiyo imejaa, basi RAM haitoshi. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 itaendelea kusumbua hata ukiiwekea diski nzuri namna gani. Ongeza ifike angalau GB 4, na GB 8 ni bora zaidi.

Ikiwa kinachokera ni kurasa za intaneti tu, huku programu nyingine zikifunguka upesi, usitumie pesa zako hapa. Tatizo ni mtandao. Na ikiwa flashi zote zinazochomekwa hapo hutoka na virusi, safisha kompyuta kwanza, maana ukinakili diski nzima utahamisha na virusi.

Dalili moja haihitaji kipimo chochote: diski inayotoa sauti ya tik-tik-tik, au faili zinazogoma kufunguka bila sababu. Hiyo diski inakaribia kufa. Acha kuitumia kwa kazi za kawaida, nakili nyaraka muhimu mara moja, mengine yafuate baadaye.

Pia kuna kompyuta ambazo hazistahili gharama hii. Fungua kasha uangalie waya unaounganisha diski. Ukiwa mwembamba, upana wake kama kidole, hiyo ni SATA na SSD itaingia. Ukiwa mpana na bapa kama utepe, ni aina ya kale ya IDE, na pesa yako afadhali uiwekee akiba ya kompyuta nyingine. Kompyuta nyingi za Intel zilizotengenezwa kuanzia 2011 zina angalau njia moja ya SATA yenye kasi kamili. Zilizotangulia kidogo zina njia ya nusu ya kasi hiyo; bado utaona mabadiliko makubwa.

SSD ya kununua

Mwambie muuzaji unataka SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ndiyo ya umbo la kiboksi chembamba, inayotosha kwenye kiganja. Ipo nyingine nyembamba kama kipande cha biskuti ndefu, iitwayo M.2, hiyo ni ya kompyuta za karibuni, na kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina mahali pa kuichomeka. Watu kadhaa hununua M.2 kwa kuwa waliambiwa ina kasi zaidi, kisha inabaki kwenye droo.

Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kwa duka la kuchapa, darasa au ofisi. GB 120 itakubana mapema. Ukichomeka SSD ya GB 240 na Windows ikakuonyesha GB 223, hujaibiwa: kiwanda na Windows huhesabu GB kwa njia mbili tofauti.

Kuibiwa kwenyewe kuko hivi. Sokoni na mitandaoni kuna diski zinazouzwa kwa bei ya kutupa huku zikiandikwa TB 1 au TB 2. Ndani yake hukuta kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa gundi, iliyorekebishwa ili idanganye ukubwa wake. Utaandika faili, zitaonekana zimekaa, na siku ukizihitaji hazifunguki. Kabla ya kuweka chochote cha maana, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo hujaza diski nzima kisha huisoma tena kuhakiki. Jaribio huchukua muda, lakini lifanye ungali na risiti mkononi. Muulize muuzaji mapema: ikishindwa jaribio, utanibadilishia? Akisitasita, nenda duka lingine.

Wengine huogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli ina kikomo, lakini ni mbali. SSD nyingi za GB 240 huahidiwa na kiwanda kuandikwa TB 80 au zaidi. Duka linaloandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi, lingehitaji karibu miaka 11 kufika hapo.

Nakala kwanza

Kabla ya bisibisi kugusa kasha, nakili nyaraka zako kwenye kifaa kingine: flashi, diski ya nje, kompyuta ya jirani. Kisha zifungue mbili tatu kutoka kwenye kifaa hicho uone kama zinasomeka. Usiangalie folda ya Documents peke yake. Katika maduka mengi kazi za wateja ziko juu ya Desktop, kwenye Downloads, na kwenye folda ambayo skana huhifadhi bila kumuuliza mtu. Kumbuka pia nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ziandike au uzihamishe.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima, pamoja na Windows na programu zote, kwenda kwenye SSD. Programu ya bure ya Clonezilla hufanya hivyo. Ina mitego miwili. Mtego mdogo ni ukubwa: kwa kawaida Clonezilla hutaka diski inayopokea iwe sawa au kubwa kuliko inayotoa. Ukijaribu kutoa diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240 itagoma, hata kama ndani ya ile ya zamani mna GB 60 tu za data, mpaka kwanza upunguze sehemu za diski hiyo. Mtego mkubwa ni mwelekeo. Programu itakuuliza diski ipi ni chanzo na ipi inapokea, nayo huziandika kwa majina yanayofanana. Ukizigeuza, SSD tupu itanakiliwa juu ya diski yenye nyaraka zako, na hakuna kitufe cha kurudisha. Andika kwenye karatasi kampuni na ukubwa wa kila diski kabla ya kuanza, na usiruhusu mtu akuharakishe kwenye ukurasa huo.

Njia ya pili ni kusakinisha mfumo upya kwenye SSD, kisha kurudisha nyaraka zako. Kwa kompyuta ya mtumba iliyopitia mikono mingi, hii ndiyo ninayoipendekeza. Inachukua muda zaidi siku ya kwanza, lakini unaacha nyuma virusi na takataka za miaka. Na diski ya zamani hukaa pembeni nzima, haijaguswa, hadi uwe na uhakika.

Windows au Linux

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha karibuni. Kwa upande wa Intel Core, kizazi cha 8 kwenda juu, yaani kompyuta za kuanzia mwishoni mwa 2017. Kompyuta nyingi tunazozizungumzia hapa hazifiki hapo. SSD haibadilishi jambo hilo, hata fundi akikuambia vinginevyo.

Kwa hiyo fikiria Linux Mint au Ubuntu. Ni za bure na zinaendelea kupata masasisho. Mint inaridhika na RAM ya GB 4. LibreOffice inayokuja nayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, na Firefox hufungua barua pepe na WhatsApp ya kompyuta kama kawaida. Angalia kwanza printa na skana yako: nyingi hufanya kazi, baadhi hazifanyi, na kwa duka la kuchapa hilo ndilo swali la kuanza nalo. Linux huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, basi chapa karatasi moja ya majaribio kabla ya kuamua.

Ukibaki na Windows 10, leseni halali iliyokwisha kuamilishwa kwenye kompyuta hiyo hutambulika kwa mazabodi yake, si kwa diski. Unaposakinisha upya ukaulizwa namba ya leseni, chagua kwamba huna, na itajiamilisha ukiunganisha intaneti.

Kufunga SSD

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Mwili wako hubeba umeme usiouona ambao unaweza kuua kifaa kidogo, hasa wakati wa kiangazi hewa inapokuwa kavu. Safisha vumbi kwa brashi laini. Usifungue pawa saplai kwa hali yoyote: ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa.

SSD huhitaji nyaya mbili, ule mwembamba wa data na ule mpana kidogo wa umeme. Viunganishi vyote viwili vina umbo la herufi L, hivyo huingia upande mmoja tu. Kikikataa, kigeuze, plastiki yake huvunjika ukilazimisha. Ikiwa diski ya zamani imetolewa, tumia nyaya zake zilezile. Mahali pa kukaa ni papana kwa sababu palitengenezwa kwa diski ya inchi 3.5. Kuna kibano cha kuziba pengo hilo, lakini kikikosekana, gundi ya utepe wa pande mbili au kamba za plastiki zinatosha. Isininginie kwenye nyaya zake.

Wakati kasha liko wazi, angalia betri ya mviringo kama sarafu kwenye mazabodi, yenye maandishi CR2032. Kama saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme ukikatika, ibadilishe sasa. Ni ya bei ndogo, na tarehe isiyo sahihi hufanya tovuti nyingi zigome kufunguka. Wengi hulaumu mtandao kwa kosa la betri.

Ukiwasha, ingia kwenye BIOS: F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa kompyuta za mezani za Lenovo. Hakikisha SSD inaonekana. Kama unasakinisha upya, weka mpangilio wa SATA uwe AHCI kabla ya kuanza. Kama umenakili diski nzima, usiuguse mpangilio huo kwa sasa, la sivyo Windows inaweza kukataa kuwaka. Kuchagua flashi ya kusakinishia, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP.

Usiiendeshee SSD programu za kupanga upya vipande vya faili kama ilivyokuwa desturi kwa diski za zamani. Haisaidii kitu na inaichosha bure. Umeme unaokatika ghafla huweza kuharibu faili hata kwenye SSD, kwa hiyo UPS ndogo bado ina thamani yake. Na usiifanye SSD kuwa kabati la kumbukumbu. Ikikaa bila umeme muda mrefu, hasa kwenye chumba cha mabati chenye joto, data inaweza kufifia. Kigezo cha kiwanda kwa SSD za kawaida zilizokwisha kutumika hadi kikomo chake ni kutunza data mwaka mmoja kwenye nyuzi 30, na chumba cha mabati cha Kakuma au Kalobeyei mchana hupita hapo kwa mbali.

Diski iliyotolewa

Iache pembeni kwa wiki mbili. Karibu kila mara kuna faili moja iliyosahauliwa, na mwenye nayo hujitokeza siku ya nane.

Baada ya hapo, kama bado ni nzima, unaweza kuirudisha ndani ya kasha kuwa ghala la nakala, au kuinunulia kasha la nje la USB. Ukitaka kuiuza, kuigawa au kumwachia fundi kama sehemu ya malipo, ifute kwanza. Kufuta faili na kumwaga kikapu cha taka hakutoshi. Mtu mwenye programu ya bure ya kurejesha faili atazipata. Hata kufomati kwa haraka hakuondoi kitu. Kwenye Windows, unapofomati ondoa alama kwenye Quick Format. Diski nzima itaandikwa sifuri, kazi ya saa kadhaa kwa diski kubwa. Kwenye Linux, programu ya Disks ina chaguo la kuandika sifuri kila mahali. Diski iliyokufa isiyoweza kufutwa, itoboe kwa msumari na nyundo hadi visahani vipasuke au kupinda, ukiwa umefunika macho.

Njia hiyo ya sifuri ni ya diski za visahani. Siku ukiuza SSD, tumia programu ya kufuta ya kampuni iliyoitengeneza, au chaguo la kufuta diski kwenye BIOS kama lipo.

Ukiwa na duka, hizo si nyaraka zako peke yako. Kuna picha za vitambulisho vya majirani, fomu zenye majina ya watoto, barua zinazoeleza kwa nini mtu alikimbia. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, na zinamgusa pia mwenye duka dogo anayeskani hati za watu. Kama wewe ni mteja, una haki ya kumwomba mwenye duka afute nakala yako baada ya kuchapa, na afanye hivyo ukiwa umesimama hapo. Na kama ni wewe unayempelekea fundi kompyuta, mwambie mapema kabisa, kabla hajashika bisibisi, kwamba diski ya zamani utaondoka nayo.